Je, aliyefariki akiusubiri ubatizo amepotea?

Swali la msomaji wa Kigoma: "Shikamoo Mwalimu. Kaka yangu aliokoka mwaka juzi, akaacha pombe, akaanza mafundisho ya ubatizo katika kanisa letu. Ubatizo wa ziwani uliahirishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya mawimbi, mara ya pili kwa kuwa mchungaji alikuwa safarini na watu wa kubatizwa walikuwa bado wachache. Kabla ya tarehe ya tatu aliugua, akalazwa siku tisa, akafariki. Kwenye matanga mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema asiyebatizwa kwa maji mengi hauoni ufalme wa Mungu, na akakataza jina la ubatizo ambalo kaka alikwisha kulichagua lisiandikwe kwenye msalaba wa kaburi. Mama halali usiku. Mimi pia sijabatizwa, kwa kuwa wajomba zetu wa Ujiji ni Waislamu, nao wanasema kanisani niende tu, lakini majini nisiingie. Je, kaka amepotea? Na kama hakupotea, mimi nina haraka gani?"

Marahaba, binti yangu, na poleni sana kwa msiba. Mama anayekesha akiwaza mwanawe yuko wapi hawezi kusubiri hadi mwisho wa maelezo marefu, kwa hiyo natanguliza jibu: kaka yako hakupotea kwa sababu ya maji ambayo hakuyapata. Swali lako la pili nalo lina jibu, ingawa huenda lisikupendeze: wewe unayo haraka, na hoja ile ile inayomtetea kaka yako ndiyo inayokuondolea wewe udhuru. Yaliyobaki ni kueleza kwa nini nasema hivyo, na kukiri pale ambapo mzee wenu ana hoja, maana anazo.

Ni haki ujue pia ninakosimama. Mimi ni Mmoravian wa Tabora, nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga kwa maji yasiyozidi kiganja, na nimefundisha Agano Jipya kwa miaka mingi mbele ya wanafunzi wa madhehebu mbalimbali. Kwa kipimo cha mzee wenu huenda mimi mwenyewe sijabatizwa bado.

Maneno aliyoyasema matangani yanatoka katika Yohana 3:5, Yesu anapomwambia Nikodemo kwamba mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho hawezi kuuingia ufalme wa Mungu. Wapo wanaojaribu kuyakwepa maji hayo kwa kusema kwamba ni yale yanayomtangulia mtoto wakati wa kuzaliwa. Mimi sishawishiki na tafsiri hiyo, kwa sababu Yesu anazungumza na mwalimu wa Israeli na kumshangaa kwamba hayafahamu mambo hayo, na jambo ambalo mwalimu wa Israeli alipaswa kulifahamu limeandikwa katika Ezekieli 36, pale Mungu anapoahidi kuwanyunyizia watu wake maji safi, kuwapa moyo mpya na kutia roho yake ndani yao. Maji na Roho vimekaa pamoja katika ahadi moja, na anayetenda katika ahadi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho ni Mungu. Kanisa la karne za kwanza liliusoma mstari huo karibu kwa sauti moja kuwa unahusu ubatizo, na sioni sababu ya kuwabishia. Ila tazama jinsi Yesu anavyoendelea: upepo huvuma upendako, na ndivyo alivyo kila mtu aliyezaliwa kwa Roho. Maji hatayataja tena katika mazungumzo yote yale. Ukiuchukua mstari wa tano ukaufanya kufuli, mstari wa nane unaufungua.

Andiko la pili ambalo wenye msimamo wa mzee wenu hulitegemea ni Matendo 2:38, Petro anapowaambia watu siku ya Pentekoste watubu na kubatizwa wapate ondoleo la dhambi. Hapa nawapa haki yao bila kupunguza. Baadhi ya ndugu zetu hudai kwamba kihusishi cha Kigiriki kilichotumika, eis, kinaweza kumaanisha "kwa sababu ya", yaani mbatizwe kwa sababu mmekwisha kusamehewa. Lakini maneno yale yale ya Kigiriki kuhusu ondoleo la dhambi yamo katika Mathayo 26:28, Yesu anaposema damu yake inamwagika kwa ondoleo la dhambi, na hakuna anayethubutu kusema kwamba alimwaga damu kwa sababu dhambi zilikuwa zimekwisha kuondolewa. Petro alimaanisha alichosema: toba na ubatizo vinaelekea kwenye msamaha. Anania naye, katika Matendo 22:16, anamwambia Sauli abatizwe akaoshe dhambi zake. Anayekuambia kwamba katika Agano Jipya ubatizo ni sherehe tu ya kutangaza jambo lililokwisha, hajayasoma maandiko haya kwa utulivu.

Tatizo la mzee wenu ni kwamba kitabu hicho hicho cha Matendo hakimruhusu kusema aliyoyasema juu ya marehemu. Katika sura ya 10 Petro yupo Kaisaria, nyumbani kwa Kornelio akida, na kabla hajamaliza hotuba yake Roho Mtakatifu anawashukia wote waliolisikia neno. Hawajabatizwa, hata maji hayajatajwa. Petro anauliza, "Ni nani awezaye kukataza maji, hawa wasibatizwe?" na ukiusikiliza vizuri mpango wa swali lake utaona kwamba maji yanakuja kuthibitisha alichokwisha kutenda Mungu. Kama Kornelio angeanguka na kufa katika zile dakika kati ya kushukiwa na Roho na kuingia majini, je, Petro angesimama kwenye matanga yake na kusema amepotea? Upande wa pili, katika sura ya 8, Simoni mchawi wa Samaria anaamini na kubatizwa kama wenzake, kisha anataka kununua karama ya Mungu kwa fedha, na Petro anamwambia hana fungu wala sehemu katika jambo hilo. Huyu maji aliyapata, lakini moyo wake haukuwa mnyofu.

Utasikia pia mfano wa mwizi msalabani, aliyeambiwa, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Ni mfano mzuri wa rehema, lakini katika mabishano haya una udhaifu, maana mtu anaweza kukujibu kwamba alikufa kabla Yesu hajatoa agizo la kubatiza mataifa yote katika Mathayo 28:19, na jibu hilo si la kipuuzi. Kwa hiyo usimtegemee sana mwizi. Mtegemee Kornelio, na zaidi yake mtegemee Abrahamu. Katika Warumi 4 Paulo anauliza Abrahamu alihesabiwa haki lini, kabla ya kutahiriwa au baada yake, na anajibu kwamba ilikuwa kabla, na kwamba tohara aliipokea kama muhuri wa haki ya imani aliyokuwa nayo tayari. Wakolosai 2 inauweka ubatizo karibu na tohara. Mzee wa kale hasaini hati kwa kalamu, anagonga muhuri, na hati isiyo na muhuri ina upungufu ambao kila mtu anauona. Lakini anayemiliki muhuri anaweza kuitambua ahadi yake mwenyewe hata kama hakuna wino juu ya karatasi.

Kuhusu Marko 16:16 nitasema kwa kifupi. Mstari huo unasema aaminiye na kubatizwa ataokoka, na asiyeamini atahukumiwa. Hausemi asiyebatizwa atahukumiwa. Isitoshe, aya zile za mwisho za Marko, kuanzia ya 9, hazimo katika nakala mbili kongwe za karne ya nne, Sinaiticus na Vaticanus, kwa hiyo si mahali pa kujenga ukuta mrefu, kwa upande wowote ule.

Sasa nikupeleke mbali kidogo, kwa sababu msiba wenu si mgeni katika historia ya Kanisa. Mwaka 392 kaisari kijana wa Roma aliyeitwa Valentinian wa Pili alifariki ghafla huko Vienne, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, akiwa na umri wa miaka kama ishirini na mmoja. Alikuwa katekumeni, yaani mtu aliye katika mafundisho ya ubatizo. Alikuwa amemwita Ambrose, askofu wa Milan, aje ambatize, na Ambrose alikuwa njiani alipopata habari kwamba amechelewa. Kwenye mazishi walikuwepo dada zake, wakilia kwa huzuni ile ile unayoniandikia, kwamba kaka yao ameondoka bila ubatizo. Ambrose aliwageukia akawauliza: ni nini kingine kilichomo katika uwezo wetu isipokuwa kutaka na kuomba? Huyu alitaka, huyu aliomba, na aliyeomba amepewa. Kumbuka kwamba aliyesema hivyo hakuwa mtu wa kuudharau ubatizo. Yeye mwenyewe alichaguliwa kuwa askofu mwaka 374 akiwa bado katekumeni, na ilibidi abatizwe kwanza ndipo awekwe wakfu. Alikuwa akiyajua maji na uzito wake, na hakuyatumia kuwapiga waliofiwa.

Tangu hapo makanisa yaliyougawanya Ukristo wa Magharibi yamebishana juu ya karibu kila kitu, lakini katika hili yamekaribiana kuliko watu wanavyodhani. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1547, uliwalaani wanaosema ubatizo ni hiari na si wa lazima kwa wokovu, na mtaguso huo huo ulizungumza juu ya kuhesabiwa haki kwa njia ya ubatizo au kwa shauku ya kuupata. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inaeleza kwamba Mungu ameufunga wokovu na sakramenti ya ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Walutheri, katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, wanafundisha kwamba ubatizo ni wa lazima, na walimu wao wamezoea kuongeza kwamba kinachohukumu ni kuudharau, si kuukosa. Wapresbiteri, katika Ungamo la Westminster la miaka ya 1640, wanasema ni dhambi kubwa kuupuuza, lakini neema haijafungamanishwa nao kiasi kwamba mtu hawezi kuokoka bila huo. Wapo pia Makanisa ya Kristo, yanayosisitiza kwamba dhambi huondolewa pale pale majini. Hao ndio walio karibu zaidi na mzee wenu, na ni haki yao isemwe kwamba hawauhesabu ubatizo kuwa kazi ya kununulia wokovu, bali imani inayotii.

Upande wa mwisho kabisa lipo Jeshi la Wokovu, ambalo halibatizi kwa maji hata kidogo. Kazi yao katika nchi hii ilianzia hapa hapa Tabora mwaka 1933. Sikubaliani nao katika jambo hili, kwa sababu sioni agizo la Bwana linavyoweza kuwekwa kando. Lakini nikiyatazama matunda ya imani yao, mtu atakayeniambia kwamba wote wale hawamo mikononi mwa Kristo itabidi anipe hoja nzito kuliko mstari mmoja uliokatwa katikati.

Mfano mwingine uko karibu na mlango wenu. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walipofika Tabora mwaka 1878 na Ujiji mwanzoni mwa 1879, mwanzilishi wao Kardinali Lavigerie aliwawekea sharti kwamba mtu asibatizwe kabla ya miaka minne ya maandalizi. Miaka minne, binti yangu, katika nchi ya homa na vita! Wasingethubutu kumwacha mtu asubiri muda wote huo kama wangeamini kwamba anayekufa katika mwaka wa tatu ametupwa nje. Na hata wao walikuwa na mlango wa dharura, kwamba aliye katika hatari ya kufa abatizwe mara moja.

Hapa ndipo nina neno kwa viongozi wa kanisa lenu, na nitalisema wazi kwa kuwa halimhusu mtu mmoja. Anayefundisha kwamba bila maji hakuna wokovu hana ruhusa ya kuahirisha ubatizo kwa sababu watu hawajatosha. Mlinzi wa gereza la Filipi, katika Matendo 16, alibatizwa saa ile ile ya usiku, majeraha ya Paulo na Sila yakiwa ndiyo kwanza yameoshwa. Towashi wa Kushi aliona maji njiani akauliza ni nini kinachomzuia, na gari likasimamishwa. Karoli Lwanga, mlei asiye na daraja lolote, aliwabatiza wenzake huko Buganda mwezi Mei 1886, akiwemo kijana Kizito, walipojua kwamba kifo kimekaribia, hawakungoja padre. Na Didake, kitabu kidogo cha mafundisho cha Wakristo wa mwanzo kabisa, kinaelekeza kwamba maji yanayotiririka ndiyo yanayopendelewa, yasipopatikana yatumike mengine, na yakiwa haba mtu amiminiwe kichwani mara tatu. Cyprian, askofu wa Kartago katika karne ya tatu, aliulizwa kuhusu wagonjwa waliomiminiwa maji kitandani kwa sababu hawakuweza kuzamishwa, naye akajibu kwamba hao ni Wakristo kamili. Kaka yako alilazwa siku tisa. Kama mawimbi ya Ziwa Tanganyika yalikuwa makubwa, kikombe cha maji kando ya kitanda kilikuwepo. Kanisa lililoshindwa kumpelekea kikombe lisimhukumu yeye kwa kutolifikia ziwa.

Kwa hiyo lazima ipo, na swali ni inamfunga nani. Inatufunga sisi tulioamriwa, wa kubatiza na wa kubatizwa. Haimfungi aliyeamuru.

Na hapo ndipo hoja inapokugeukia wewe. Kaka yako alitaka akazuiwa. Wewe hujazuiwa na mawimbi wala na homa. Shauku ya kubatizwa inahesabiwa kwa aliyekuwa akielekea majini, na sijui namna ya kuiita shauku kwa mtu aliyesimama ufukweni pale Kibirizi, maji yametulia, mchungaji yupo, naye anasema bado kidogo. Katika karne ya nne kuahirisha namna hiyo kulikuwa desturi ya wakubwa. Mfalme Konstantino mwenyewe alibatizwa mwaka 337 akiwa katika ugonjwa wa mwisho, na wengi waliona busara kungoja ili dhambi zote zioshwe kwa mpigo mmoja. Maaskofu wa wakati huo waliikemea sana desturi hiyo, na walikuwa na haki.

Lugha yetu pia inachangia kutuchanganya. Mitaani kwetu neno "kuokoka" limekuwa jina la siku moja: fulani ameokoka, aliokoka kwenye mkutano wa injili, tarehe fulani. Ukilichukua hivyo, ubatizo unabaki kuwa kitu cha baadaye kisicho na kazi. Lakini Paulo anasema tumeokolewa kwa neema katika Waefeso 2, anasema sisi tunaookolewa katika 1 Wakorintho 1, na anasema tutaokolewa na ghadhabu katika Warumi 5. Wokovu una jana, leo na kesho, na ubatizo umo ndani yake kama mahali ambapo mtu anazikwa na kufufuka pamoja na Kristo, ndivyo Warumi 6 inavyoueleza. Ndiyo maana 1 Petro 3:21 inaweza kusema bila aibu kwamba ubatizo unawaokoa, na katika pumzi hiyo hiyo ikaeleza kwamba si kuondoa uchafu wa mwili bali ni jibu la dhamiri safi mbele za Mungu, kwa kufufuka kwake Yesu Kristo.

Wajomba zako wa Ujiji, nadhani, wanayafahamu haya kuliko Wakristo wengi. Wanakuruhusu kwenda kanisani, pengine hata kuimba kwaya, lakini maji wanayakataa. Kwa nini? Kwa sababu wanajua kwamba kuimba ni kuimba, lakini anayebatizwa amehama. Sikuambii uwadharau, wao ni wakubwa zako, wamekulea, na pilau lao la Idi umelila tangu utotoni. Usibatizwe kwa siri kama anayeiba. Nenda kwa mjomba mkubwa kwanza, pamoja na mama ikiwa yuko tayari, umweleze kwa adabu kwamba umeamua, na kwamba kubatizwa hakukufanyi usiwe mtoto wa dada yake. Anaweza kukasirika. Anaweza kukaa muda mrefu bila kuitikia shikamoo yako. Ila kama kuna hatari ya kweli, ya kupigwa au kufukuzwa usiku, hilo ni jambo jingine. Mweleze mchungaji, mpange pamoja muda na mahali, na kungoja kwa namna hiyo hakuna anayekuhesabia kuwa ni dharau.

Ikiwa mtu atakushauri ubatizwe mara ya pili kwa niaba ya marehemu, akikuonyesha 1 Wakorintho 15:29, mkatalie kwa upole. Paulo anataja kwamba wapo waliofanya hivyo, hawaagizi Wakorintho wafanye, na makanisa ya zamani hayakuifuata desturi hiyo. Kaka yako hana deni linalohitaji kulipwa na mwili wako.

Msomee mama habari ya Kornelio jioni, taratibu, kisha umweleze habari ya wale dada wawili wa Milan na kaka yao. Usimpe mabishano ya Kigiriki. Hayo ni ya kwangu mimi na mzee wenu, na nitafurahi kama ataniandikia. Mwombeni pia mchungaji, si mzee, aje nyumbani aombe nanyi, na hapo hapo umwombe akupe tarehe.

Kuhusu msalaba wa kaburini, jina la ubatizo halitolewi na wino wa rejista. Kaka yako alilichagua akiwa hai, mbele ya mwalimu wake wa mafundisho, kwa sababu alizozijua yeye. Fundi aandike yote mawili, la nyumbani kwanza na hilo alilolichagua lifuate.